TUNUNUE VITABU VINAVYOGOMBANA

Wahenga walinena kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Sina ubishi nao. Ila mimi nataka kuongeza langu dogo: anayejua nusu ni wa kuogopwa kuliko asiyejua kabisa. Nasema hivyo kwa sababu yalinifika mwenyewe, tena mbele ya shule nzima, na ndiyo maana leo nimeshika kalamu.

Muhula wa kwanza chama chetu kiliandaa mjadala. Hoja ilikuwa kwamba Wachina wameiletea nchi hii faida kuliko hasara. Mimi nilikuwa upande wa kupinga. Sasa hapa kwetu Voi, bwana, habari za Wachina si za kusoma gazetini tu. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyozinduliwa tarehe 31 Mei 2017, inapita hapa hapa, na wengi wetu tuna ndugu aliyechimba, aliyebeba kokoto au aliyepika katika kambi za ujenzi. Mjomba wangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa akichomelea vyuma, mimi wakati huo ningali mtoto wa chekechea.

Zamu yangu ilipofika nilisimama nikasimulia kisa alichopata kunisimulia mjomba: jinsi nyapara mmoja wa Kichina alivyoipiga teke sufuria ya chai ya vibarua, ati muda wa kupumzika umekwisha. Chai ikamwagika mchangani, na hakuna aliyethubutu kufungua mdomo. Nikamalizia kwa sauti ya juu, "Na hao ndio Wachina!" Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Wanafunzi wa kidato cha kwanza walipiga madawati mpaka mwalimu wa zamu akaja kuchungulia. Upande wetu ukashinda. Jioni ile nilitembea kwenda nyumbani shingo juu kama twiga.

Nilipitia kwa mjomba, kwenye kibanda chake anakotengenezea milango na madirisha ya chuma, nikamweleza ushindi wangu. Nilidhani atafurahi. Wapi! Alizima mashine, akavua ile kofia yake ya kuchomelea yenye kioo cheusi, akanitazama.

"Mjomba," akaniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo, "na hii kofia umewaambia nilipewa na nani?"

Nilinyamaza. Nilikuwa najua. Alipewa na fundi mmoja mzee wa Kichina. Mzee huyo ndiye aliyemfundisha kuchomelea kiungo kilicho juu ya kichwa, kazi ambayo mafundi wengi hapa mjini huikimbia. Alimfundisha kwa kumshika mkono, kama mtoto anayefundishwa kuandika, kwa sababu baina yao walikuwa na maneno kumi hivi tu ya kuelewana. Siku mzee alipokuwa akiondoka kurudi kwao, alivua kofia yake akamvika mjomba kichwani.

"Umewaambia nusu," mjomba akasema. "Na hiyo nusu uliyoificha ndiyo inayokulipia karo." Akawasha mashine, mazungumzo yakaisha.

Msomaji, sikulala vizuri usiku ule. Kisa cha sufuria ni cha kweli. Kisa cha kofia nacho ni cha kweli. Vimetoka katika kinywa kimoja, kuhusu kambi moja. Lakini mimi nilichagua kile kitakachonipa makofi.

Wiki iliyofuata mlezi wa chama alituuliza swali moja tu: kati ya wasemaji wote wanane wa mjadala ule, ni nani aliyesoma kitabu hata kimoja kuhusu Uchina? Hakuna mkono ulioinuka. Tulikwenda maktabani kutafuta. Tulichokipata ni gazeti moja la picha, la zamani sana, limechapishwa Peking kwa Kiswahili, kurasa za katikati zimeliwa na mchwa. Ndani yake kila mtu anacheka. Wakulima wanacheka, askari wanacheka, nusura useme hata ng'ombe wanacheka.

Basi kamati ikaamua kwamba pesa zilizopatikana kwa kuuza jarida letu la mwaka jana zinunue vitabu sita kuhusu historia, safari na maisha ya watu wa Uchina. Uamuzi mzuri, au sivyo? Lakini tangu siku hiyo chama hakina amani. Kidato cha nne wanataka vitabu vya historia vinene vya kuwasaidia katika mtihani. Kidato cha kwanza wanataka vitabu vya kung fu. Wako wanaotaka vitabu vya kuwasifu Wachina, kwa sababu wana kaka au dada anayetafuta nafasi ya kwenda kusoma kule. Na wako wanaotaka vitabu vya kuwasema vibaya, kwa sababu ndugu zao walimwagiwa chai kama mjomba wangu.

Maoni yangu ni haya, na nayatoa bila kuogopa lawama: tusinunue vitabu sita vinavyosema jambo moja. Tununue jozi tatu za vitabu vinavyogombana. Kila kitabu kiwekwe rafuni kando ya mwenzake anayempinga, na anayeazima kimoja ashauriwe kuazima na cha pili. Niruhusu nieleze jozi zangu. Sitajidai kwamba nimevisoma vyote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Baadhi mlezi wetu aliniazima, vingine nimevidokoa tu katika simu ya dada yangu. Lakini nimesoma vya kutosha kujua ninachokiomba.

Jozi ya kwanza ni ya wasafiri. Watu wengi wakitajiwa safari za Uchina hukimbilia Marco Polo, mfanyabiashara wa Venice aliyesafiri kati ya mwaka 1271 na 1295. Sina neno naye, ingawa wataalamu wamebishana kama alifika kweli, kwa kuwa hakutaja chai wala ule Ukuta Mkuu. Wanaomtetea nao wanajibu kwamba sehemu kubwa ya ukuta tunaouona leo ilijengwa na wafalme wa Ming, baada yake, na kwamba habari zake za chumvi na pesa za karatasi zinalingana na kumbukumbu za Wachina wenyewe. Lakini kwa nini tuanzie Venice ilhali tunaye msafiri aliyepita kwetu? Namtaja Ibn Battuta. Mtu huyu alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na miaka kama kumi na minne baadaye akafika Uchina. Safari zake ziliandikwa mwaka 1355, yeye akisimulia na katibu akiandika.

Utamu wa Ibn Battuta ni kwamba hafichi kinyongo chake. Anasifu vyombo vya kauri vya Wachina, anastaajabia pesa zao za karatasi, na anasema hakuna nchi yenye usalama kwa msafiri kuliko hiyo. Kisha huyo huyo anakiri kwamba nchi haikumpendeza, kwa sababu hakuzoea kuishi mahali ambapo watu wengi si Waislamu, akawa anajifungia nyumbani. Hapo nilicheka. Si ndivyo tunavyofanya sisi tukihamia mtaa mgeni? Tena hakosi chumvi. Anasema walinunua kuku mkubwa asiyeenea chunguni, wakalazimika kumpika katika vyungu viwili! Wataalamu wanashuku pia kwamba baadhi ya miji aliyoieleza hakuifikia. Basi ni mwongo? La hasha. Ni shahidi kama shahidi mwingine yeyote, wa kusikilizwa na kuulizwa maswali.

Mwenzake katika jozi hii nataka awe Fei Xin. Huyu alikuwa askari wa Kichina aliyesafiri na merikebu za amiri Zheng He, ambaye naye alitoka katika ukoo wa Kiislamu. Merikebu hizo zilifanya safari saba kati ya mwaka 1405 na 1433, na baadhi zilifika pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1436 Fei Xin aliandika kitabu, na ndani yake ameeleza Mogadishu na Barawa, akizungumzia nyumba za mawe na nchi isiyo na mvua. Sasa fikiria, msomaji. Ibn Battuta anatoka huku anakwenda kuwashangaa Wachina, na Fei Xin anatoka kule anakuja kutushangaa sisi. Ukisoma mmoja utadhani kuna watu wa kawaida na kuna watu wa ajabu. Ukisoma wote wawili utagundua kwamba ajabu ni macho ya mgeni.

Hapa naomba nimjibu ndugu yangu mmoja wa kidato cha nne, anayesisitiza tununue kitabu kinene kiitwacho 1421, kilichoandikwa na Gavin Menzies na kutolewa mwaka 2002. Kitabu hicho kinadai kwamba merikebu za Zheng He ziligundua Amerika kabla ya Columbus na kuizunguka dunia. Nakiri kinasisimua, na kimeuzwa sana. Lakini Menzies alikuwa nahodha mstaafu wa nyambizi za Uingereza ambaye hakujua kusoma Kichina, na wanahistoria wa Uchina na wa Ulaya wamekikataa kwa kukosa ushahidi. Unene wa kitabu si ukweli wake. Isitoshe, hatuna haja ya uongo, maana ukweli wenyewe ni mtamu. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme wa Uchina, na watu wa baraza wakamfananisha na mnyama wa heri anayetajwa katika hadithi zao. Mwaka 2013 watafiti walichimbua kisiwani Manda, karibu na Lamu, sarafu ya Kichina ya zama za mfalme huyo huyo. Na atakayetembelea magofu ya Gedi ataoneshwa vigae vya bakuli za Kichina walizolia wazee wetu. Kwa nini basi tununue ndoto ya Amerika?

Jozi ya pili ni ya historia, na ndiyo iliyonigusa zaidi. Kitabu cha kwanza ni cha Edgar Snow, mwandishi wa habari Mmarekani, kiitwacho Red Star Over China. Mwaka 1936 Snow alipenya hadi maeneo ya wakomunisti kaskazini-magharibi ya Uchina, akakaa usiku baada ya usiku akimhoji Mao Zedong. Kitabu chake kilitoka mwaka 1937, na kwa watu wengi wa nje hiyo ndiyo mara ya kwanza kusikia habari za Mao kutoka kinywani mwake. Kinasomeka kama riwaya. Ukikimaliza unataka kufunga mkanda na kujiunga na vijana wale waliovuka mito na milima. Mimi kilinivuta vibaya sana.

Lakini sasa usikirudishe maktabani ukaishia hapo. Chukua na Tombstone, yaani jiwe la kaburi, cha Yang Jisheng, kilichotoka kwa Kichina mwaka 2008 huko Hong Kong na kwa Kiingereza mwaka 2012. Yang si adui wa Wachina. Ni Mchina, tena alifanya kazi miaka mingi katika shirika la habari la serikali yao. Mwaka 1959 alikuwa mwanafunzi wa sekondari. Siku moja, alipokuwa akitengeneza gazeti la ukutani la shule, alikuja rafiki yake wa kijijini kumwambia kwamba baba yake anakufa njaa. Akakimbia nyumbani na mchele kidogo wa mgao wake. Alichelewa. Mzee hakuweza tena kumeza, na baada ya siku tatu akafariki.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Mwanafunzi, gazeti la shule, baba. Na jambo lililonishtua zaidi ni lile alilolikiri mwenyewe: kwamba hakumlaumu mtu. Alidhani hayo ni maafa ya nyumbani kwao tu, na akaendelea kuamini kwamba nchi nzima inasonga mbele, kwa sababu ndivyo alivyosoma magazetini. Ilimchukua miaka mingi kujua ukweli. Katika miaka ya 1990 alianza kutumia kazi yake ya uandishi kupekua nyaraka za serikali mkoa baada ya mkoa. Alichokikuta ni hiki. Kuanzia mwaka 1958, katika kampeni iliyoitwa Hatua Kubwa Mbele, wakulima walitiwa katika mashamba ya pamoja, majiko ya nyumbani yakafungwa watu wale katika mabwalo, na wengi wakatolewa shambani kwenda kuyeyusha chuma. Wakubwa wa vijiji walishindana kutangaza mavuno makubwa ambayo hayakuwepo. Serikali ikachukua nafaka kwa kufuata takwimu hizo za uongo, na mkulima akabaki mikono mitupu. Yang anakadiria kwamba watu milioni 36 walikufa. Wataalamu wengine hutaja idadi ndogo kuliko hiyo, wengine kubwa zaidi, lakini wote wanazungumza kwa mamilioni. Kitabu chake hakiruhusiwi kuuzwa Uchina bara.

Na Edgar Snow? Mwaka 1960, njaa ikiwa imepamba moto, alirudi Uchina akatembezwa, na katika kitabu chake kingine cha mwaka 1962 akaandika kwamba hakuona njaa yoyote. Sidhani alikusudia kudanganya. Alikuwa mgeni aliyeoneshwa alichooneshwa, na rafiki aliyependa kuamini. Mtu mmoja, nchi moja: mwaka 1936 alikuwa shahidi hodari, mwaka 1960 akapitwa na jambo kubwa kuliko yote. Sasa lile gazeti letu la picha, ambamo kila mtu anacheka, silioni tena kama nilivyoliona zamani. Ushauri wangu ni kwamba tusilitupe. Tuliweke karibu na Tombstone.

Jozi ya tatu ni ya maisha ya watu, na hapa nimechagua hadithi za kubuni. Wako watakaosema hadithi si ushahidi. Je, sisi tulioketi na riwaya teule miaka yote hii hatujui kwamba riwaya huingia jikoni ambamo kitabu cha historia hakifiki? Cha kwanza ni The Good Earth cha Pearl Buck, kilichotoka mwaka 1931. Buck alizaliwa Marekani lakini alilelewa Uchina na wazazi wamishonari. Anasimulia habari za mkulima maskini Wang Lung na mkewe O-Lan, jinsi walivyoshikamana na ardhi, walivyokimbia ukame, walivyopata mali na mali ikawavuruga. Mama yangu nilimsimulia jioni moja tukichambua mboga. Nilipofika pale mume anapomnyang'anya mkewe lulu mbili alizozitunza kifuani ili akampe mwanamke mwingine, mama aliacha kuchambua. "Huyo Wang Lung," akasema, "namjua. Anakaa mtaa wa nyuma."

Buck alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1938. Hata hivyo waandishi kadhaa wa Kichina hawakuridhika, wakaona kwamba mgeni, hata akikaa vipi, huandika kama mgeni. Ndiyo maana kando yake nataka Lu Xun, aliyezaliwa mwaka 1881 na kufa mwaka 1936. Alikwenda Japani kusomea udaktari, akaacha, akaona kwamba ugonjwa wa watu wake unahitaji kalamu kuliko sindano. Buck anawapenda Wachina wake na kuwahurumia. Lu Xun anawapenda pia, lakini anawachapa viboko kama mzazi.

Nitakutajia hadithi yake moja tu, inayoitwa kwa jina la mhusika mkuu, Kong Yiji, ya mwaka 1919. Msimulizi ni kijana aliyeanza kazi ya kupasha pombe moto kilabuni akiwa na miaka kumi na miwili. Kong Yiji ni msomi aliyezeeka bila kufaulu hata mtihani wa chini kabisa wa serikali. Hawezi kazi ya mikono, anaona haya. Anavaa kanzu ndefu ya wasomi, chafu, iliyoraruka, lakini anakunywa wima pamoja na vibarua kwa kuwa hana pesa za kuketi. Anaiba vitabu, akiulizwa anajitetea kwamba kuiba kitabu si wizi. Watu wanamcheka. Mwishowe anamwibia mkubwa mmoja, anavunjwa miguu, anakuja kilabuni akijikokota kwa mikono, na watu wanamcheka tena. Halafu haonekani. Mwenye kilabu anamkumbuka kwa deni lake la senti kumi na tisa.

Wenzangu wa kidato cha tatu na cha nne, hebu tuambiane ukweli. Nani kati yetu hamjui Kong Yiji? Ile mitihani ya kifalme ilidumu Uchina kwa karne kama kumi na tatu mpaka ilipofutwa mwaka 1905. Mitihani ya leo ya kuingia chuo kikuu ilisimamishwa wakati wa Mapinduzi ya Kitamaduni, na iliporudishwa mwaka 1977 watahiniwa milioni 5.7 hivi waligombania nafasi 270,000 hivi. Ukilisoma hilo wewe unayeisubiri KCSE kwa tumbo la moto, utamwona mwanafunzi wa Kichina si kama mtu wa sinema ya kung fu anayeruka juu ya mapaa. Utamwona kama jirani wa dawati.

Hizo ndizo jozi zangu. Najua upinzani upo. Mwenzangu mmoja aliniambia, "Wee, vitabu vinavyogombana vitatuchanganya akili. Mtihani unataka jibu moja." Namjibu hivi. Mjomba wangu aliishi na sufuria na kofia kwa miaka yote hii wala hajachanganyikiwa. Aliyechanganyikiwa ni mimi niliyechukua kimoja. Hakimu mwenye busara hahukumu kwa kumsikiliza mshtaki peke yake. Watu wa Uchina ni kama bilioni 1.4, wenye makabila 56 yanayotambuliwa na serikali yao. Atakayekuambia kwamba "Mchina yuko hivi" kwa kitabu kimoja, au kwa nyapara mmoja, huyo anauza mbuzi ndani ya gunia.

Tena kuna mambo madogo ya kuangalia kabla hatujatoa pesa zetu. Tufungue ukurasa wa kwanza tujiulize: nani ameandika, lini, na alikuwa amesimama wapi? Alijua lugha ya watu anaowaandika? Aliruhusiwa kutembea apendavyo, au alitembezwa? Kitabu chake kinasomwa kwao, au kimezuiwa, na kwa nini? Aidha tusibabaishwe na majina. Mao Tse-tung na Mao Zedong ni mtu mmoja, Peking na Beijing ni mji mmoja. Tahajia ndiyo iliyobadilika, kwa hivyo mara nyingi jina lenyewe litakuonyesha kama kitabu ni cha zamani. Na kwa Wachina jina la ukoo hutangulia, basi Lu Xun mtafute penye Lu, na Yang Jisheng penye Yang. Msimamizi wa maktaba ataturudishia shukrani.

Nimalizie kwa jambo linalotuhusu sisi watu wa Kiswahili. Vitabu hivi sita tutavipata kwa Kiingereza. Je, tukae tukinung'unika? Radio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, na maneno ya Mao yalitafsiriwa kwa Kiswahili zamani. Wao walijifunza lugha yetu ili watuambie walichotaka tukisikie. Haki ya jirani ni kwamba nasi tutumie lugha yetu kuulizana tunachotaka kujua. Napendekeza kila atakayeazima kitabu akirudishe pamoja na ukurasa mmoja wa Kiswahili: kinasema nini, na kimenyamazia nini. Kurasa hizo ziwekwe katika faili ili mdogo wetu wa kidato cha kwanza, asiyekiweza Kiingereza kizito, asiachwe nje ya mlango.

Ukurasa wa kwanza wa faili hilo nimeshauandika. Hautoki kitabuni, ni habari za mjomba wangu. Nilimsomea kibandani Jumamosi iliyopita, akasikiliza mpaka mwisho, akaniambia nimesahau kuandika kwamba chai ile ilikuwa ya tangawizi. Nimeongeza. Na mjadala ule ukirudiwa, nitaomba nafasi tena, makofi yawepo yasiwepo. Safari hii nitasimama na sufuria mkono mmoja na kofia mkono wa pili.

Wasalaam.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu